Kanga Isiyofuliwa: Paka na Hamu ya Mwenyewe Aliyesafiri

(Maneno yaliyosemwa jioni moja baada ya sala ya Alasiri, uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu.)

Assalamu alaikum. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi watoto mliopanda ukutani mkidhani sijawaona.

Nimeitwa nizungumze juu ya paka, na naona nimeitwa kwa makosa kidogo. Kazi yangu hapa kisiwani ni punda. Kwato zilizopasuka, migongo iliyochunika kwa kubeba mawe na mchanga, matumbo yaliyofunga kwa kula mifuko ya plastiki. Paka huletwa kwangu mwisho wa siku, ndani ya kapu lililofungwa kamba, na mwenye kapu huanza kwa kuomba radhi: "Daktari, najua ni paka tu." Kisha hueleza kwa nusu saa.

Na mara nyingi anachokieleza ni safari. Mwanangu amekwenda Mombasa kusoma. Mume wangu yuko baharini wiki ya pili sasa. Dada amepata kazi Uarabuni. Na tangu siku hiyo paka hali, au paka analia usiku kucha, au, hapa sauti hushuka, paka amekojoa kitandani. Mwisho huja swali: je, hii ni hamu, ni ugonjwa, au kuna mtu ametufanyia jambo? Leo nitajaribu la kwanza na la pili. La tatu mpelekeeni mwingine.

Kwanza tukubaliane juu ya neno. Sisi tuna "kumkumbuka" mtu, tuna "kuwa na hamu naye", na tuna "ukiwa". Ukiwa si wa mtu peke yake; hata nyumba huwa na ukiwa aliyekuwa akiijaza akitoka. Wazee walizoea kusema mbwa humpenda mtu, paka huipenda nyumba. Mkihama, mbwa atawafuata, paka atarudi kukaa kwenye daka, ule ukumbi wa mlangoni, la nyumba ya zamani. Mimi mwenyewe niliamini hivyo miaka mingi, na kusoma kwangu kote hakukunitoa kwenye imani hiyo. Aliyenitoa ni paka wa mamangu.

Paka huyo ni dume, rangi ya majivu, miguu mirefu kama walivyo paka wetu wa Lamu. Anaitwa Kibua, jina la samaki, kwa sababu ndicho alichokiiba siku ya kwanza aliyoingia nyumbani. Kila alfajiri mamangu akiamka, hufungua mlango wa kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, huteka maji ya udhu, na Kibua huja kujisugua kwenye ndoo. Akitoa salamu ya mwisho na kukunja mswala, humkatia kichwa cha samaki. Ndivyo siku ya nyumba ile inavyoanza, na sijaiona ikianza vingine.

Basi mamangu akajaliwa kwenda hija. Sanduku lilipotolewa mvunguni, Kibua aliingia ndani akalala juu ya nguo nyeupe zilizokunjwa tayari kwa safari. Tulimtoa mara tatu. Asubuhi yake mamangu akapanda boti kuvuka kwenda uwanja wa ndege wa Manda, sisi tukabaki tukipunga mikono pale gatini, tukarudi nyumbani na machozi yetu na njaa yetu.

Usiku wa kwanza Kibua alikaa kwenye daka, uso umeelekea mtaani, mpaka saa sita. Hakulia. Kisha akapanda juu, akaingia chumbani kwa mamangu, akaruka kitandani kwenye samadari. Kulikuwa na kanga aliyoivua asubuhi ile, bado imekunjamana juu ya mto. Akaanza kuikanda kwa mikono ya mbele, kushoto, kulia, kama mtu anayekanda unga wa chapati, huku akikoroma. Kisha akaingiza kichwa chini yake akalala. Usiku wa pili vilevile. Nikasema, alhamdulillahi, huyu hana taabu.

Siku ya tatu dada yangu akapata nia njema. Ninyi mnazijua nia njema za siku za safari. Alivua shuka, foronya, chandarua, akakusanya kanga zote na zile zilizokuwa kwenye tenga, akafua kwa sabuni ya unga yenye harufu ya maua, akaanika darini. Godoro nalo akaliweka juani. Jioni chumba kilikuwa kinanukia kama duka.

Kibua akaja kwa wakati wake. Akaruka kitandani. Akanusa mto. Akanusa upande wa pili. Kisha akafanya jambo ambalo huenda mmeliona mkadhani paka anashangaa: alifungua mdomo nusu, mdomo wa juu ukajikunja kidogo, akatulia hivyo kwa muda. Hapo paka hashangai. Ana kiungo cha pekee cha kunusia juu ya kaakaa, na akitaka kuichunguza harufu sawasawa huivuta kwa mdomo. Alikuwa anatafuta. Hakupata. Akashuka.

Usiku ule ndipo tulipomsikia. Si ile "nyau" fupi ya kuomba samaki. Huu ulikuwa mlio mrefu unaoanzia chini kifuani, unapanda, unakatika, kisha kimya kama vile anasubiri jibu. Alizunguka chumba hadi chumba, akashuka kiwandani, akapanda tena. Alfajiri nikamkuta amekojoa katikati ya godoro.

Na mimi, niliyesomea wanyama na cheti nimekitundika ukutani, nilimtoa nje kwa ufagio.

Nalitaja kosa hili kwa sababu najua humu uwanjani wenye ufagio si mimi peke yangu. Tunasema paka ana kisirani, amefanya makusudi, amelipiza kwa kuachwa. Hebu fikirini. Ili mnyama alipize, lazima awaze: huyu ameniacha, atarudi baada ya mwezi, atakuta godoro limelowa, ataumia moyo. Mpango mrefu kama huo hata baadhi yetu hatuuwezi. Paka hujua jambo dogo zaidi, na kwake ni zito zaidi: mahali hapa palikuwa na harufu ya mtu fulani iliyochanganyika na yangu, na sasa haipo.

Kuna utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2002, wa paka 136 waliokuwa na taabu wenyewe wakiondoka. Shida kubwa iliyoonekana ilikuwa kukojoa pasipostahili, na kati ya waliokojoa hivyo, asilimia 75 walikojoa kwenye kitanda cha mwenyewe na si mahali pengine popote. Jikoni hapana, mlangoni hapana. Kitandani, penye harufu nyingi ya mtu kuliko sehemu yoyote ya nyumba. Mimi naliona hivi: paka anarudisha ule mchanganyiko. Anaweka yake pale ambapo ya mwenziwe imepungua. Kwetu ni najisi na ni kazi ya kufua. Kwake ni kama mtu anayeacha taa inawaka barazani usiku wa safari.

Turudi kwa Kibua. Siku ya tano nikakuta buibui la mamangu, lile la kazi za nyumbani, lililokuwa limetundikwa msumarini nyuma ya mlango na likasahauliwa siku ya kufua, liko chini sakafuni. Kibua amejikunja katikati yake. Alikuwa amelirukia akalivuta mwenyewe. Nikataka kumwondoa, nikachoka, nikamwacha. Usiku ule hakulia, na kitandani hakukojoa tena mpaka hija ikaisha. Dawa aliijua yeye. Mimi nilichoka tu.

Sasa, kuna jambo la simu. Siku ya kumi mamangu akapiga simu ya video kutoka Makka. Tumekusanyika, kila mtu anapiga kelele, nisalimie, niombee, nimeiona Al-Kaaba kwa nyuma. Kibua alikuwa amelala kwenye kidaka cha ukutani. Mamangu aliposema "Hamjambo?", masikio yake yakasimama. Akashuka, akaja mpaka kwenye simu, akatazama kioo, hakuonyesha kukijali. Akaenda nyuma ya simu. Hakuna mtu. Kisha akatoka akaenda kukaa penye ngazi, akitazama chini kuelekea mlangoni.

Tulicheka. Baadaye nikasoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, huko Japani, walifanya karibu jambo hilohilo na kulitangaza mwaka 2021. Waliweka spika mbili mbalimbali. Paka akasikia sauti ya mwenyewe ikimwita kwa jina kutoka upande mmoja, na muda mfupi baadaye sauti ileile ikatokea upande mwingine, mahali ambapo mtu hawezi kuwa amefika kwa miguu yake. Paka walishtuka: masikio yanahangaika, macho yanatafuta. Sauti ya mtu asiyemjua ikiruka hivyo, hawakushtuka kwa namna ile. Maana yake ni kwamba paka, hata akiwa hakuoni, ana picha ya mahali ulipo. Nyumba nzima ameiweka kichwani, na wewe umo ndani ya picha hiyo. Ukiondoka, kuna pahali panabaki wazi kwenye picha.

Ndiyo sababu siku hizi nina wasiwasi na wale wanaowapigia paka simu kila jioni kutoka Dubai au Maskati. Kwa mtoto ni faraja. Kwa paka, sauti inakuja, harufu haiji, mtu haji. Baadhi yao hawajali kabisa. Lakini akianza kutafuta nyumba nzima kila mkikata simu, mpigie dada yako, mwache paka alale.

Mapokezi nayo yana mambo yake. Mamangu alirudi na maji ya zamzam, tende, na sauti iliyokauka. Nyumba ilijaa watu, udi unafukizwa, bibi zetu wanapiga vigelegele. Alipoingia, jambo la kwanza aliita: "Kibua!" Kibua alikuwa juu ya kabati. Akamtazama, akageuka, akampa mgongo.

Mamangu aliumia. "Amenisahau," akasema, na niliona ni kweli ameumia, mbele ya wageni wote wale.

Nilimwambia: mama, usitazame mgongo, tazama masikio. Mgongo ulikuwa umeelekea kwetu, lakini masikio yote mawili yalikuwa yamegeuka nyuma, yanamfuata kila anaposogea. Akienda kulia, yanakwenda kulia. Japani hiyohiyo, mwaka 2013, Atsuko Saito na mwenzake walijaribu paka 20. Waliwasikilizisha sauti za watu wasiowajua wakiwaita, kisha sauti ya mwenyewe. Wengi waliijua sauti ya mwenyewe. Lakini walivyoonyesha kuijua! Hawakuinuka, hawakulia. Waligeuza masikio na kichwa, basi. Paka akikusikia si lazima aje. Mama zangu mliolea vijana mnalijua hili bila utafiti.

Tena mamangu hakuwa anarudi vilevile alivyoondoka. Sauti ilikuwa yake. Harufu ilikuwa ya ndege, ya sabuni ya hoteli, ya udi, ya watu mia waliomkumbatia. Kwa mnyama anayemjua mtu kwa pua kwanza, hilo ni fumbo: sauti ya fulani imevaa mtu mwingine. Usiku wageni walipoondoka, Kibua alishuka. Akaanza na sanduku. Akalinusa pande zote nne, akasugua shavu kwenye kila pembe. Kisha mguu wa kiti. Kisha nyayo za mamangu, vifundo, viganja. Kwenye mashavu, kidevuni, kwenye paji la uso na kwenye shina la mkia paka ana tezi zinazotoa harufu yake, na akijisugua huiacha pale. Jina lake si bure: paka hupaka. Alikuwa anampaka mamangu nyumba. Alipomaliza ndipo mkia ukasimama wima kama mlingoti wa jahazi, ncha imepinda kidogo, akapanda kifuani akakoroma mpaka mamangu akasema hapati pumzi.

Wasweden walipima kitu kama hicho, utafiti wao ukachapishwa 2017: paka 14, mwenyewe akaondoka nusu saa, na siku nyingine akaondoka saa 4. Aliporudi baada ya saa 4, paka walikoroma zaidi na kujinyoosha zaidi. Kwa hiyo yule paka anayekuja mlangoni, akanyoosha mikono mbele na matako juu, akapiga mwayo, si kwamba umemwamsha. Wapo wanaomfukuza hapo. Wanamfukuza katikati ya salamu.

Nisije nikawadanganya lakini kwamba wataalamu wote wako upande mmoja. Uingereza, katika Chuo Kikuu cha Lincoln, watafiti wawili waliwapima paka 20 kwa kipimo kinachotumiwa kwa watoto wachanga na mama zao, wakatoa matokeo mwaka 2015: hawakuona kwamba paka humtegemea mwenyewe kwa usalama wake. Paka, walisema, anajitosheleza. Mwaka 2019 Kristyn Vitale na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, wakajaribu kwa namna nyingine. Paka na mwenyewe waliwekwa chumba kigeni dakika 2, mwenyewe akatoka dakika 2, akarudi dakika 2. Kati ya paka wachanga 70, asilimia 64 hivi walifanya anavyofanya mtoto aliyemzoea mama: akirudi humsalimu, kisha hutulia na kuendelea kukichunguza chumba. Paka wakubwa 38 nao walikuwa karibu na hapo, asilimia 66 hivi.

Nani kasema kweli? Mimi nasimama na hao wa Marekani, lakini kwa mguu mmoja. Mguu wa pili uko gatini, na nitawaambia kwa nini.

Kuna mvuvi, rafiki yangu, paka wake humngoja gatini kila mashua ikirudi. Alijisifu kwa hilo mpaka wageni wakawa wanampiga picha. "Huyu," anasema, "nikichelewa hali." Mwaka mmoja akaugua mguu, akakaa ndani wiki tatu, mashua akaichukua binamu yake. Kila jioni paka yuko gatini vilevile. Mashua inatia nanga, mkia juu, anamkimbilia binamu anajisugua miguuni mwake kwa mapenzi makubwa. Mwenyewe yuko nyumbani hatua mia mbili kutoka pale, hajatembelewa hata siku moja. Paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Wa gatini matilaba yake ni dagaa. Rafiki yangu hajalisahau. Paka bado anakula kwake, lakini hadithi ameacha kuisimulia.

Kwa hiyo kungoja peke yake si ushahidi. Wala kulia si ushahidi. Paka dume ambaye hakuhasiwa atalia usiku mzima kwa ajili ya jike wa mtaa wa Langoni, mkasema anamlilia baba aliye safarini. Na akigeuza matako akapiga mkojo ukutani huku amesimama, mkia unatetemeka, huyo anaweka mipaka yake. Hamu ninayoizungumzia mimi huonekana pale mambo mawili matatu yanapokuja pamoja na yakaanza na safari: halali alipozoea, au halali popote ila kwenye nguo yako, anakula nusu, anajilamba sehemu moja mpaka manyoya yanatoka, anamfuata aliyebaki nyumbani kama kivuli, hata chooni, kana kwamba anachelea naye asipotee. Brazil waliuliza wenye paka 130, jumla ya paka 223. Waliokuwa na dalili angalau moja walikuwa 30. Si wengi. Kilichonivutia ni nyumba walizotoka: nyumba zisizo na kitu cha kuchezea, zisizo na mnyama mwingine, ambamo paka hubaki peke yake siku nyingi za wiki. Paka wetu wa Lamu ana mtaa mzima. Ana baraza hii na ile, ana paa, ana watoto wa jirani. Pengine ndiyo sababu kisa kama cha Kibua hapa huonekana kwa nadra. Lakini siku hizi naona hapa kisiwani nyumba zenye milango ya vyuma inayofungwa mchana kutwa, na paka yuko ndani na televisheni.

Hapa niseme kama daktari, na naomba watoto wanyamaze kidogo.

Paka asiyekula siku mbili tatu, acheni mambo ya hamu, mleteni. Hasa akiwa mnene. Mwili wa paka ukikosa chakula huvuta mafuta yake wenyewe, yakalijaa ini, ini likashindwa kazi. Nimeona paka aliyeambiwa "anamlilia mwenyewe, ataacha" mpaka macho yakawa ya njano. Pengine alianza kwa kumlilia mwenyewe kweli. Mwisho ilikuwa ini.

Na dume anayeingia msalani kwake mara kwa mara, anachuchumaa, anakaza, hakitoki kitu au linatoka tone lenye damu: huyo haitakiwi kungoja asubuhi. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba mno, ikiziba, ndani ya siku moja au mbili ni kufa na kupona. Na mnajua kinachoweza kulianzisha? Mashaka. Mabadiliko ya nyumba. Safari ya mwenyewe. Kibofu cha paka huvimba kwa wasiwasi bila ya vijidudu vyovyote. Hapo hamu na ugonjwa si vitu viwili tena, na yule anayeniuliza "ni kipi?" huwa sina jibu la neno moja. Ndiyo maana nilipofikiri baadaye juu ya lile godoro, nilijilaumu zaidi kwa kutomtazama kuliko kwa ufagio. Ningempapasa tumbo, nikaona kama linauma. Sikumpapasa.

Mkisafiri sasa. Shule zinafungua, na wengine mnajiandaa na safari zenu. Acheni nguo moja ambayo haijafuliwa. Kanga, buibui, fulana aliyolalia kijana, hata kofia. Iacheni pale paka anapolala, na mwambieni mwenye nia njema asiiguse. Paka abaki nyumbani kwake, mtu amfuate pale. Kumvusha kwa boti kwenda kukaa kwa shangazi Mokowe ni kumnyang'anya mtu na nyumba siku moja. Anayemlisha awe mmoja na saa iwe ileile, kama ni alfajiri basi alfajiri. Mkirudi, msimkamate kumbusu mbele ya wageni. Kaeni chini, wekeni sanduku chini, mwacheni aanze na pembe za sanduku.

Na msimfungie ndani mkaenda. Sote tunaijua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia ale wadudu wa ardhini. Na tunaijua ile nyingine, ya Abu Qatada aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, Kabsha binti Kaab akamtazama kwa mshangao, naye akamweleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema paka si najisi, ni miongoni mwa wanaowazungukia. Wanaowazungukia. Nimelisikia neno hilo tangu chuoni nikiwa na miaka saba, na nilikuwa nikidhani linasema juu ya vyombo na udhu peke yake. Siku hizi nikilisikia namwona Kibua usiku ule, chumba hadi chumba, hana wa kumzungukia.

Mamangu yu hai, alhamdulillahi, yuko pale upande wa kina mama na ameshanikunjia uso kwa kutaja godoro lake hadharani. Kibua naye amezeeka, haruki tena kabatini. Lile buibui lilichakaa likafanywa tambara, na tambara liko kwenye kidaka chake, na hakuna anayeruhusiwa kulifua.

Yangu yamekwisha. Mzee wangu pale chini ya mkungu, umeinua mkono tangu nilipotaja kitanda. Karibu, na tuanze na hili: aliyesafiri ni nani, na dume huyo anakojoa vizuri?